Kamba Kati ya Omo na Tezi

Nyinyi mnaoipokea boti mnacheka kila asubuhi pale kivukoni Garsen. Kabla abiria hawajaingia, nahodha anasimama nyuma, anayekaa mbele anasimama mbele, wananyosheana vidole. Huyu ananyosha viwili, yule anataja viwili. Huyu anne, yule anne. Halafu ndipo injini inawashwa. Mnasema ni mchezo wa watoto alioubuni Nyanya, yaani mimi. Sawa. Nimeacha kazi sasa, nina nafasi ya kuwaeleza ulikotoka mchezo huo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Omo ni mbele kabisa ya boti, pale anapokaa mtu wa kuangalia maji. Tezi ni nyuma, kwa nahodha na usukani wake. Katikati ni watu, mbuzi, magunia na kelele. Mimi nilikaa omo miaka mingi kiasi kwamba kuna watu wa mto huu wanaoujua mgongo wangu lakini wakikutana na uso wangu sokoni hawanitambui.

Sikuingia kwa kuangalia. Niliingia kwa kuchota maji. Mume wangu alikuwa hawezi tena kulima, na Mzee Komora alikuwa anatafuta mtu wa kukaa katikati ya boti yake na dumu lililokatwa, achote maji yanayovuja na kuyamwaga nje. Mzee Komora alikuwa mtu wa Golbanti, mrefu, mwembamba, hana maneno. Boti yake ya mbao ilikwenda Garsen hadi Golbanti na vijiji vya chini yake. Aliyekaa omo siku zile alikuwa mwanamume mmoja aliyependa sana mazungumzo. Alikaa mbele ameelekea nyuma, kama bwana harusi.

Siku yangu ya tatu tulikwaruza gogo. Boti ililia chini kama imechunwa ngozi. Tulipofika, watu waliposhuka, Mzee Komora alinijia mimi wala si yule bwana harusi.

"Mama Buya, ulikuwa unatazama upande ule. Uliona nini?"

"Gogo."

"Uliliona kabla hatujaligonga?"

"Kabla. Maji yalikuwa yanajikunja pale."

"Mbona hukusema?"

"Mimi ni wa kuchota maji. Nani ameniuliza?"

Alinitazama mpaka nikaona aibu ya jibu langu. Akasema: "Humu ndani hakuna kuulizwa. Ukiona, sema. Ukidhani umeona, sema. Ukisema halafu ikawa si kitu, hakuna wa kukucheka. Akicheka, atashuka."

Kesho yake nilikaa omo mimi, na yule bwana akapewa dumu. Hakunisalimia mwaka mzima.

Kazi yenyewe alinifundisha kwa muda mrefu na kwa maneno machache. Maji yanayotetemeka juu kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi, chini yake kuna mchanga, na mchanga uko karibu. Maji yanayojikunja mahali pamoja bila kuhama, kuna gogo. Mapovu yakitembea kinyume na mkondo, hayo si mapovu, ni kiboko anatembea chini kwa miguu yake na wewe ndiye uliye barabarani kwake. Simama, mpishe. Jua likiwa mbele yako usishindane nalo. Inamisha kichwa, tazama maji ya karibu, nyosha mkono boti ipunguze mwendo. Hakuna anayesubiriwa Golbanti kwa haraka kuliko uhai wake.

Kwa kuwa injini ilikuwa na kelele, tulisema kwa mkono. Mkono wa kulia juu, kulia. Wa kushoto juu, kushoto. Yote miwili, simama. Alinipa na upondo wake, ule mti mrefu wa kupimia na kusukumia, uliochomwa pete tatu za moto: goti, kiuno, kifua. Kabla sijauzoea nilikuwa napiga kelele "Kiuno!" na abiria wanashangaa. Shida ni kwamba mwili uliopimiwa ulikuwa wa Mzee Komora. Kiuno chake kilikuwa kifua changu, na kifua chake kilinipita kichwa. "Basi usianguke," aliniambia nilipomlalamikia.

Sheria yake iliyonigharimu ni hii: omo haijibu salamu. Mnajua huku kwetu. Mtu akiwa shambani ukingoni, boti ikipita, atakuita kwa jina, atakuuliza hali yako, na hali ya watoto, na ya mgonjwa, na usipojibu umemtukana yeye na ukoo wake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na shamba la migomba pale tunapokaribia Golbanti, pabaya kuliko pote, maana mchanga wa pale unahamahama. Kila tulipopita aliniita: "Mama Buya! Mwaonaje hali?" Mimi kimya, macho majini. Mara ya nne alianza kusema na migomba yake: "Kapewa ubao wa kukalia, sasa ni malkia." Nilimweleza nyumbani kwake nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza vizuri sana, na safari iliyofuata akaita kwa sauti kubwa zaidi. Iliendelea hivyo miaka yote, wala sikuwahi kumjibu.

Nisiwaambie yalikuwa mateso tu. Mimi nimekaa mbele ya mto huu tangu nywele zangu nyeusi na bado sijauzoea. Maji ya Tana ni mekundu, huoni chini hata kiganja. Unatazama ngozi tu, na ngozi inakuambia kilichomo mwilini. Halafu mafuriko yanakuja, yanashuka, na mto uliokuwa unaujua umeondoka. Mahali tulipokuwa tunapita jana pameota majani. Mahali palipokuwa na mahindi ya mtu, unaingiza upondo na pete zote tatu zinazama. Hakuna aliyesikia kelele. Mto umehama kama mtu anavyogeuka kitandani. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisahau kunyosha mkono. Mzee Komora mwenyewe alizima injini, tukakaa tunatazama, abiria nao kimya, hata mbuzi. Akasema, "Haya. Tuanze kusoma upya."

Sasa nije kwenye kamba.

Ilikuwa miaka mingi baadaye, wakati wa kiangazi. Mzee Komora alikuja asubuhi na kamba ya nailoni, akaipitisha ubavuni mwa boti kutoka omo hadi tezi, ncha moja kwangu, ncha nyingine akajifunga mkononi. Nikivuta mara moja, kulia. Mara mbili, kushoto. Nikivuta bila kuachia, simama. Alisema amechoka kukodolea mkono wangu macho huku jua linampiga. Abiria walifurahi sana. "Mzee Komora ameleta simu!" walisema. "Na hii haihitaji kredo!" Hata mimi nilicheka.

Kisha nikaanza kuona vitu. Boti ikifika, aligusa nguzo ya kufungia kwanza kwa kiganja kabla ya kuizungushia kamba. Watu walipoingia, alingoja wamsalimie ndipo awataje majina. Na siku moja aliniita: "Mama Buya, mwambie yule mama ahamie kulia, boti inalala." Nikageuka. Pale palipolala hapakuwa na mama. Palikuwa na gunia la mahindi ambalo mwenye nalo alilifunika kanga lisirukiwe na maji.

Nililihamisha gunia kulia. Sikusema neno.

Nitawaeleza kwa nini, ingawa si sifa. Alikuwa rika la baba yangu. Boti ilikuwa yake, na mtu kama yule ukimtoa tezi unamweka wapi? Na kuna lingine. Nilipenda. Nilijua kuwa mimi ndiye macho, na kwamba yule mwanamume mkubwa anatembea mtoni kwa mkono wangu. Na nilistaajabu, mpaka leo nastaajabu, jinsi alivyoweza. Aliujua ukingo mrefu kwa jinsi sauti ya injini inavyomrudia, na ukingo mfupi kwa jinsi sauti isivyorudi. Alijua tumefika kwenye mchanga kwa kutetemeka kwa mbao chini ya miguu yake, maana alikuwa ameshavua viatu. Miezi mingapi ile? Hatukugonga kitu. Nikajiambia kwamba basi, macho mawili yanatosha boti moja.

Mvua ikanyesha huko juu. Sisi huku jua kali, lakini mto ulikuja na nguo za watu, vigoda, masufuria, kuku amesimama juu ya paa la makuti anasafiri. Mashamba yakazama, na barabara ikakatika. Maji yalilivunja tuta la barabara mahali pamoja, yakawa yanamiminika kupitia ule mwanya kwenda upande wa chini, kama uji unapoinamisha sufuria. Magari yakasimama ng'ambo. Boti ya Mzee Komora ikawa ndiyo barabara.

Siku hiyo tulichukua watu kumi na wanane kutoka ng'ambo kuja Garsen, mchana, jua liko wazi. Niliwahesabu. Alikuwamo mama mmoja wa Kiorma na madumu yake ya maziwa, mwanamume na godoro, na Bi Zuhura, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kipini, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na kapu lake. Niliwahesabu watu. Kamba sikuiangalia. Katikati ya safari Bi Zuhura aliona amekaa penye maji, akahama, akajiweka ubavuni mwa boti yeye na kapu lake. Juu ya kamba.

Tulikuwa tunapita juu ya mashamba, tumelifuata tuta kwa upande wa juu. Mwanya ulikuwa kuliani kwetu. Na mimi niliuona mapema, sitaki mtu aseme sikuuona. Kila mahali maji yalikuwa na takataka na mikunjo, lakini pale mbele ya mwanya yalikuwa yamenyooka, yanang'aa, laini kama kitambaa cha hariri kinachovutwa taratibu kutoka mezani. Mbingu yote ilikuwa ndani yake. Wingu moja jeupe lilikuwa linateleza kuelekea mwanyani, na nusu yake imeshamezwa. Katika maisha yangu sijaona mahali pazuri kama pale. Nilijua pia kuwa maji hunyooka hivyo pale yanapoanza kuanguka.

Nikavuta mara mbili, kushoto. Boti haikugeuka. Nikavuta tena, kamba ngumu kama imefungwa kwenye mti.

"Ah! Mbona wanivutavuta matakoni?" Bi Zuhura alipiga kelele. "Una wazimu weye?"

Nikanyosha mkono wa kushoto juu kabisa, nikageuka nyuma. Mzee Komora alikuwa amenielekea usoni. Ametulia. Mkono wenye kamba ameuweka gotini, anangoja.

"Mzee! Kushoto!" Injini ikaimeza sauti yangu, na mngurumo wa maji ukameza kilichobaki. Mwanamume wa godoro aliona ninachoona, akasimama na kupiga kelele naye. Watu wote wakapiga kelele, huyu kushoto, huyu kulia, huyu anamwita Mungu. Uso wa Mzee Komora uligeuka huku na huku kama mtu anayeitwa na watu wengi.

Sikuwa na kingine. Nilishika upondo, nikauzamisha kuliani, ukakuta tuta la barabara pale kwenye pete ya kiuno. Nikaweka kifua changu chote juu yake, nikasukuma. Sijui nilisukuma muda gani. Niliona omo inaanza kuliacha lile wingu, kidogo, halafu kidogo tena. Miguu ya Mzee Komora ndiyo iliyomwambia. Alisikia mbao zinazunguka, akaelewa, akausukuma usukani wote na kufungua injini mpaka mwisho. Tulitoka. Upondo ulibaki umesimama tutani, unatikisika, na pete zake mbili zinaonekana. Kisha ukalala, ukapita mwanyani, basi.

Kapu la Bi Zuhura liliteleza likaenda nalo. Alilia mpaka Garsen: "Samaki wangu! Nimewakausha siku nne, leo warudi majini!" Watu walicheka kwa woga, na wakawa wananisifu kwa upondo. Mzee Komora walimsifu zaidi. Hakuna aliyejua.

Waliposhuka wote, nilikwenda tezi, nikakaa kwenye ubao mbele yake.

"Mzee, mkono wangu ulikuwa juu. Hukuuona."

"Jua," akasema.

"Jua lilikuwa mgongoni kwako."

Akaipapasa kamba iliyokuwa bado mkononi.

"Na siku ile si mama uliyetaka ahamie kulia. Lilikuwa gunia."

"Umejua tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo."

"Mbona hukusema?"

Lile lile swali. Siku ya kwanza nilikuwa na jibu, kwamba hakuna aliyeniuliza. Sasa lilikuwa jingine.

"Niliona haya," nikasema.

"Haya!" Sauti yake ilipanda mpaka watu wa kivukoni wakageuka. "Umewapakia watu kumi na wanane juu ya haya zako?"

Na mimi nikawaka. "Na wewe umewapakia juu ya nini?"

Nilimjibu baba wa watu hivyo, kwa mdomo wangu huu. Nilidhani atanifukuza. Alianza kuifungua kamba mkononi. Fundo lilikuwa limekaza na vidole vyake havikuliona vizuri, nami sikumsaidia, maana niliona angependa alifungue mwenyewe. Lilipofunguka aliniwekea kamba mapajani.

"Pale mwanyani," akasema, "palikuwaje?"

Nikamweleza. Ule ung'avu, ile hariri, lile wingu lililomezwa nusu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Nilisikia," akasema. "Nilidhani ni upepo."

Hakushika usukani tena. Baadaye walimtengeneza jicho moja hospitalini, akaona tena kiasi cha kutembea na kutukosoa. Alikaa kivukoni mpaka alipotangulia mbele ya haki, na kila aliyetaka kuwa nahodha alipitia kwake. Kamba tuliikata tukafungia mbuzi. Na siku ile ile aliyoshuka ndipo alipotupa sheria ya vidole: asubuhi, kabla ya mtu kuingia, mbele na nyuma wapimane macho hadharani, kila mmoja amnyoshee mwenzake, ili asiwepo wa kuona haya wala wa kuonewa haya. Nyinyi mnadhani niliubuni mimi. Ni wa Mzee Komora, na mimi na yeye tuliulipia.

Mwezi uliopita, asubuhi, nahodha wa sasa alininyoshea vidole. Nikataja: "Vitatu." Nyuma yangu alikuwa Hawayu, mama wa watoto wawili, niliyekuwa namfundisha omo.

"Viwili, Nyanya," akasema, mbele ya abiria wote. Kuna aliyecheka.

Nilimgeukia. "Nani amekuuliza wewe?"

Macho hakuyaondoa usoni kwangu. "Si ulisema humu hakuna kuulizwa?"

Niliondoka pale bila kuaga. Nilikaa nyumbani siku mbili nimenuna, nikila vibaya. Siku ya tatu nilikwenda kivukoni na upondo mpya, nimeuchoma pete tatu kwa kipimo cha mwili wa Hawayu, maana yeye si Mzee Komora, na kiuno kiwe kiuno. Nikampa mbele ya wale wale abiria. Kisha nikapanda na kukaa katikati, kwenye ubao, na godoro la mtu mgongoni mwangu. Tangu niliache dumu sikuwahi kukaa pale. Kumbe kuna maongezi mazuri.

Tulipokaribia Golbanti, pale penye mchanga unaohama, niliona maji yanatetemeka upande wa kulia. Au nilidhani nimeona.

"Hawayu! Mchanga kulia!"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu zamani, na boti ilikuwa inageuka. Hakunitazama. "Nimeuona, Nyanya," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Ukingoni, kati ya migomba, mwanamke mzee mwenye jembe alijiinua, akatazama boti, akaita kama alivyoita miaka yote, bila kutarajia kitu: "Mama Buya! Mwaonaje hali?"

"Hali njema, wifi!" nikaitikia. "Na wewe, watoto hawajambo?"

Jembe lilimponyoka.